Tembe ya Saba

Mwalimu Simkonda tumemzika Jumamosi iliyopita, hapa hapa Tunduma, na mimi nilikaa mbele pamoja na akina mama wa jumuiya ili nisikose neno. Mpwa wake alisoma wasifu. Alisoma vizuri, kijana yule. Akasoma shule alizofundisha marehemu, watoto aliowaacha, ugonjwa uliomchukua, halafu akafika pale nilipokuwa nikipasubiri: kwamba marehemu akiwa kijana, huko Itumba, alifanya kipimo cha elektroni kilichowashangaza wasomi wa chuo kikuu, “kwa mbinu aliyoibuni yeye mwenyewe.” Akina mama wakatikisa vichwa kwa heshima. Mimi sikutikisa. Baada ya mazishi nilikula wali wangu na nyama yangu nikamaliza, nikanawa, nikarudi kwangu mtaa wa Sogea kwa miguu, nikamwambia mjukuu wangu Neema aniletee daftari na kalamu. “Bibi, unataka kuandika nini?” Nikamwambia nataka kumaliza kisasi. Akacheka, akadhani natania. Mimi si mtu wa utani, na huyu mtoto ameishi nami miaka kumi na mbili, alipaswa kujua.

Mambo ya kuzaliwa kwangu nayaacha. Shule niliishia darasa la nne, na mwandiko wangu mtauvumilia. Ninachoeleza ni mwaka mmoja tu, ule ambao sabuni na sukari zilianza kurudi madukani, watu wakaacha kupanga foleni tangu alfajiri, na mitumba ikaanza kupanda milima ya Ileje kwa magunia. Itumba wakati huo ilikuwa ofisi chache, ukungu na matope. Nilikuwa na miaka ishirini na mbili, nimetoka Ikinga ambako bibi mmoja mfinyanzi alinifundisha kazi ya vyungu, na nilikuwa napika chai ya walimu katika shule ya sekondari ambayo jina lake silitaji, kwa sababu kosa halikuwa la shule. Kazi yenyewe ilikuwa kibarua. Leo unaitwa, kesho huitwi, na huna wa kumuuliza. Kitu kimoja tu nilikitaka duniani: barua. Barua yenye mhuri, inayosema Tusekile ni mhudumu wa maabara. Nafasi ilikuwa wazi, na mtu wa kumtaja mhudumu alikuwa Mwalimu Simkonda wa fizikia. Basi mjue tangu sasa kwamba mwaka mzima niliofanya kazi ninayoieleza hapa, nilikuwa naifanyia ile barua.

Jiko langu lilikuwa ubavuni mwa maabara. Katikati hapakuwa na tofali, palikuwa na mbao tu zilizopigiliwa misumari, na kupitia mbao zile nilisikia kila kitu: vipindi, viboko, walimu wakisengenyana. Kulikuwa na meko mawili, sufuria kubwa jeusi, birika la bluu lililobanduka rangi, na dirisha dogo lililotazama ua wa nyuma. Kwenye ua huo ndiko Simkonda alikojenga tanuri lake. Alikuwa mwembamba, mcheshi, mzaliwa wa Tunduma, na alizoea kumwita kila mwanamke “bamayo”, yaani mama, kama wafanyavyo Wabemba wa ng’ambo ya mpaka. Siku moja alichungulia jikoni uso wote una masizi.

“Bamayo Tusekile, nasikia wewe ni mtu wa vyungu. Njoo uniambie tanuri langu lina ugonjwa gani.”

Nilitoka nikaona. Alikuwa anatengeneza tembe, na naziita tembe kwa sababu yeye ndivyo alivyoziita, duara bapa kama kifungo cha koti. Aliponda unga wa aina tatu pamoja: miwili myeupe aliyotumiwa kwa kifurushi na rafiki yake wa Ulaya, na mmoja mweusi alioupata kwa kuunguza waya wa shaba kutoka Nakonde, upande wa pili wa mpaka. Aliugandamiza ndani ya kijungu cha chuma kwa jeki ya gari, kisha akachoma kwa makaa ya mawe. Kitu hiki, alisema, kikitoka vizuri kitakuwa cheusi, na kikitiwa baridi kali umeme utapita ndani yake bila kukwama popote. Kinaitwa superkondakta. Wazungu wenyewe walikuwa wamekigundua juzi juzi tu na hakuna aliyejua kwa nini kinafanya hivyo. Lakini zake zilitoka kijani kama ukoga wa ndoo.

“Mwalimu,” nikamwambia, “wewe unachoma kama mtu anayechoma nyama. Unawasha, unageuza, unatoa.”

“Na ninyi mnachomaje?”

Nikamwonyesha. Moto unapanda polepole mpaka ndani pawe na rangi ya boga lililoiva, na hapo unaushikilia, hauruhusu upungue wala uzidi. Halafu unaziba mdomo kwa udongo, unaacha tundu dogo la hewa, na hufungui mpaka kesho yake. Kitu kilichotoka motoni kikiwa kinapoa lazima kivute pumzi. Ukikitoa haraka unakikata pumzi, na kinakuwa maiti. Alicheka sana, akaniandika kwenye daftari lake kama mtu anavyoandika kichekesho. Ila alifanya nilivyosema, maana hakuwa na lingine. Tembe zikatoka nyeusi tii.

Siku ya kuzijaribu alikuja bwana mifugo, Mzee Kibona, na mtungi wake wa baridi. Ndani ya mtungi ule ndimo walimotunza mbegu za madume za kupandikizia ng’ombe, zimelala kwenye hewa iliyogeuzwa kuwa maji, inayofuka moshi mweupe na kuunguza kuliko moto. Simkonda alikuwa akimbembeleza kwa wiki mbili. “Nakupa kikombe kimoja tu,” Mzee Kibona alisema, akimimina kana kwamba anamimina damu yake. “Na ng’ombe wa wilaya hii wakikosa mimba mwaka huu, nitawaambia wenye ng’ombe waje kwako, Mwalimu. Utajua utakavyowafanya.” Tulicheka sote. Simkonda akaweka tembe kwenye kisahani, akaimwagia ile baridi, akaweka juu yake kisumaku kidogo. Kikakaa hewani. Mnanisikia? Hakikugusa chochote, kikawa kinaelea na kuzunguka juu ya tembe niliyoichoma mimi. Mzee Kibona alivua kofia. Na Simkonda akanigeukia, mbele ya shahidi, akasema, “Bamayo, barua yako hiyo. Mhudumu wa maabara ni wewe, hakuna mwingine.”

Mimi leo ni mzee na nimeahidiwa mambo mengi, mengine na watu wenye magari. Hakuna ahadi niliyoibeba kama ile. Niliposaga unga wake kwenye kinu kidogo saa tatu nzima mpaka kiganja kikatoka malengelenge, nilikuwa nasaga barua. Niliponunua makaa ya kuongezea moto kwa pesa yangu, sikumwambia.

Baada ya hapo akataka kikubwa zaidi. Alinieleza wakati wa chai, akimenya viazi vya Ibaba kwa kucha, na nilielewa kwa sababu alitumia mambo ya kwao mpakani. “Umeiona Tunduma,” alisema. “Kuna geti, na kuna wanaovuka bila geti. Yupo upande huu, ghafla yupo upande ule, na ukuta haujatobolewa. Elektroni nazo zina tabia hiyo. Ukizitenga na ukuta mwembamba mno, mwembamba kuliko unavyoweza kufikiri, zinapenya. Sasa kwenye hizi tembe ukizisukuma kidogo zinakaa kimya, hakuna anayevuka. Ukifikia msukumo fulani, zinavuka kwa mkupuo. Nikipima msukumo huo, nimepima siri iliyo ndani ya tembe.” Taabu yake ilikuwa kuupata ule ukuta. Alijaribu kwa sindano: anaigusisha tembe taratibu, anasoma voltimita, anatia nukta kwenye karatasi ya grafu. Akigandamiza zaidi, nukta zinajipanga kwenye mstari ulionyooka. Akigandamiza kidogo, hakuna kitu. Miezi ikapita hivyo. Na kwenye ubao alikuwa ameandika kwa chaki, herufi kubwa: MAJI NI ADUI WA TEMBE. Ilikuwa marufuku kuingia mle na kikombe, na kama mikono yangu ilikuwa na unyevu alinirudisha mlangoni kama mbuzi.

Kisha ikaja habari kwamba daktari mmoja wa fizikia kutoka chuo kikuu Dar es Salaam angepita kuona hizo tembe, na kwamba kijana anayeweza kazi angeweza kupelekwa kusoma nje. Simkonda akaacha sindano. Akasema atamwonyesha mgeni lile la hakika tu, umeme upite tembe upande hadi upande bila ukinzani, na sumaku ielee. Tukatengeneza tembe mpya, ya saba katika lile fungu zuri. Niliichoma mimi, mchana mmoja wa jua adimu, nikaziba tanuri kwa udongo, nikaenda kuosha vikombe.

Nikiwa naosha, mkuu wa shule aliingia maabara. Nilijua kwa kikohozi chake.

“Simkonda, lile jina la mhudumu nalihitaji leo. Wilayani wananisumbua.”

“Ni shemeji yangu, Mkuu. Mdogo wake mke wangu. Kamaliza la saba, mtiifu.”

“Sikudhani hivyo. Nilidhani utamtaja yule mama anayekusaidia na tanuri. Watu wanasema ndiye fundi.”

Nikaacha kikombe ndani ya maji. Nikakausha mikono kwenye khanga, sijui kwa nini, kama mtu anayejiandaa kupokea kitu.

Simkonda alicheka. “Tusekile? Ah, Mkuu! Huyo ni mpika chai tu. Anachochea moto. Kipimajoto chenyewe hawezi kukisoma.”

“Basi sawa,” mkuu akasema, na viti vikasogezwa.

Nilimaliza kuosha vikombe vyote. Nilivipanga midomo chini kama kawaida. Nikaenda nyumbani, nikapika, nikala, na nililala usingizi mzuri, maana nilikuwa nimeshaamua.

Yule bibi wa Ikinga aliyenifundisha alikuwa na desturi yake. Mteja akimdharau, hakugombana naye. Alimuuzia chungu kilekile alichokichagua, kwa upole, ila alikuwa amekipitishia uzi. Unachukua uzi wa pamba, unauloweka, na chungu kikiwa bado na joto la tanuri, unaukaza kukizunguka mara moja, kinalia “tss” kidogo, unautoa. Jicho halioni kitu. Lakini ndani kuna ufa kama unywele, na siku mwenye dharau anapokiweka mezani mbele ya wageni wake, chungu kinamjibu. Bibi alikuwa akisema dharau ya mtu imrudie mbele ya watu, kwa sababu alikudharau mbele ya watu.

Asubuhi nilifika kabla ya walimu. Nikabomoa udongo, nikaitoa tembe ya saba kwa koleo. Nyeusi, nzuri, ile tembe nzuri kuliko zote nilizowahi kuchoma, na bado ilikuwa na joto la kuunguza kidole. Nikachomoa uzi kwenye pindo la khanga yangu, nikauchovya katika maji ya birika la bluu. Maji, adui wake. Nikauzungusha katikati, nikakaza. Ikalia. Nilipoigonga kwa ukucha na kuiweka sikioni, mlio wake ulikuwa umepungua kidogo sana, kiasi cha kusikika na mfinyanzi tu. Nikaiweka kwenye kisahani chake na kuifunika kitambaa safi. “Ndaga, bamayo,” Simkonda aliniambia alipoingia. Asante kwa Kindali, na alikitamka vibaya.

Mgeni alikuja keshokutwa yake, mzee mpole mwenye miwani minene, viatu vimejaa matope yetu. Nilipeleka chai wakati Simkonda ameshaunganisha nyaya, na Mzee Kibona ameshamimina baridi yake huku akinung’unika. Nilisimama mlangoni na birika. Nilitaka kuona. Simkonda akasukuma umeme kidogo, akatazama voltimita, na uso wake ukabadilika rangi. Umeme haukupita bure kama alivyoahidi. Akasukuma tena, akatia nukta. Tena, nukta. Jasho likamtoka katika baridi ya Itumba, na mimi moyo wangu ulikuwa unakunywa asali. Nilisubiri mzee wa Dar avue miwani na kusema pole.

Mzee aliinuka. Akaishika ile karatasi ya grafu. Mstari ulikuwa umelala chini, halafu ukapinda, ukapanda.

“Simkonda,” akasema taratibu, “hii si tembe nzima. Ndani yake kuna ukuta.”

Simkonda akajifanya anakaza waya.

“Zinapenya. Tazama, zinapenya! Nimeona watu wenye maabara za mamilioni wanashindwa kupata mkunjo msafi hivi. Ukuta mwembamba namna hii umeujengaje?”

Simkonda alitazama tembe, akatazama nyaya, akatazama karatasi. Hakujua. Kwa kitambo kifupi alikuwa na nafasi ya kusema sijui. Mimi pia nilikuwa na nafasi ya kusema najua, kwamba ukuta ni ule ufa wa uzi wangu, nikaitazama sakafu.

“Ni mbinu yangu, Daktari,” Simkonda akasema. “Bado naiandika.”

Hivyo ndivyo nilivyomvunja mtu akainuka juu. Mgeni aliondoka na grafu, kabla mwaka haujaisha Simkonda akapanda ndege, shemeji yake akavaa koti jeupe la maabara, na mimi sikuitwa tena. Nilirudi kwenye vyungu, kisha nikahamia Tunduma na biashara ya mchele, nikalea, nikazika. Miaka mingi nililala na uchungu wa mtu aliyerusha jiwe likageuka mkate mdomoni mwa adui. Nilikuwa sijajua kwamba jiwe lilikuwa bado liko hewani.

Nilijua miaka michache iliyopita, mchana mmoja, Simkonda mwenyewe alipobisha hodi getini kwangu. Alikuwa ameshastaafu, miguu imevimba, anatembelea fimbo. Nikampa kigoda, nikampa chai ya tangawizi. Alizunguka zunguka na habari za mvua, kisha akaweka kikombe chini.

“Bamayo, nilikaa kule miaka mitatu. Nilitengeneza tembe mpaka mikono ikapasuka. Nyeusi, nzuri, sumaku inaelea. Ukuta hakuna. Ile ya saba nilikuwa nayo, ikaharibika nikiipima, na nyingine kama ile sikuipata. Siku moja profesa akaniambia mbele ya wenzangu wote: labda ile grafu uliichora kwa mkono. Kwa Kiingereza, polepole, ili nielewe. Nikarudi bila shahada. Nimeishi nikiwa mwongo, na mimi najua nukta zile zilikuwa za kweli.”

Nikamwongezea chai. Nikamuuliza swali moja tu, na Mungu ni shahidi kwamba nilimuuliza kwa haki, nikimwekea ufunguo mkononi.

“Na maji, Mwalimu? Huko mlikuwa mnaziweka mbali na maji?”

“Maji? Mbali kabisa! Tone moja linaharibu kila kitu, hilo hata wewe nilikufundisha.” Akauruka ufunguo kama anavyoruka mtu kinyesi. Akaniinamia. “Tusekile. Siku ile uliitoa wewe tanurini. Ulifanya nini? Niambie, niandike kabla sijafa. Hata jina lako nitaliweka.”

Hata jina langu. Nilimtazama, nikaona kwamba amepanda gari mpaka kwangu na miguu ile kuja kuchukua kitu cha pili, na cha kwanza bado hajakirudisha.

“Mimi?” nikamwambia. “Mwalimu, mimi nilikuwa mpika chai tu. Kipimajoto chenyewe siwezi kukisoma.”

Nikayaona maneno yakimfikia, yakitoka mbali, na nikaona alivyoyatambua kuwa ni yake.

“Zile mbao,” akasema.

“Zilikuwa nyembamba.”

Aliinuka kwa taabu. Getini akageuka. “Nisamehe basi, kama nilikukosea.”

Kama. Angelitupa lile neno moja ningemwita arudi, ningemkalisha na kumwambia yote, uzi na maji na bibi wa Ikinga. Nilikuwa nimeshafungua mdomo. Nikafunga geti.

Neema amesoma haya yote akinisahihishia herufi. Ananiambia, “Bibi, mtu alikuwa mgonjwa, si ungemwambia tu?” Yupo kidato cha sita, anachukua fizikia, na nimemjibu kwamba huruma ni kitu kizuri, aitunze, mimi yangu niliimalizia kwenye kinu cha mtu. Sijutii. Nilingoja mpaka udongo ukawekwa juu ya jeneza na maua juu ya udongo. Sasa natoa.

Tembe ikiwa imetoka tanurini na bado inaunguza kidole lakini haibandui ngozi, chukua uzi wa pamba, uzi mmoja wa khanga, chovya katika maji safi. Zungusha katikati mara moja. Kaza mpaka ilie, hesabu pumzi mbili, toa. Igonge kwa ukucha uisikilize. Mbinu hii ni ya wafinyanzi wa Ikinga, na aliyeitia kwenye tembe ni mimi, Tusekile, mpika chai. Mwenye kutaka aijaribu, iwe Itumba au Ulaya. Kila mtu anaweza kuijua sasa, isipokuwa mmoja.